Poda ya Madini Usoni: Mjadala wa Kigombe

Swali linalojadiliwa hapa ni finyu kwa makusudi: je, poda ya madini ya kukinga jua, yaani unga laini wenye oksidi ya zinki au dioksidi ya titani unaopakwa usoni kwa brashi au sponji, inamfaa mkazi wa pwani ya kaskazini ya Tanzania, na ikiwa inamfaa, ni mkazi yupi na kwa kazi gani? Kijiji cha Kigombe, kilichopo wilayani Muheza baina ya jiji la Tanga na mji wa Pangani, kimechaguliwa kuwa uwanja wa mjadala kwa sababu jua la hapo halimpi mtu nafasi ya kubahatisha. Kijiji kipo zaidi kidogo ya nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Na kwa kuwa saa za Afrika Mashariki hufuata mstari wa longitudo ulio mashariki zaidi ya Tanga, kilele cha jua hakifiki saa sita kamili bali kwa kawaida robo saa hadi nusu saa baadaye, jambo dogo ambalo litakuja kuwa na uzito mbele.

Neno “kukinga” nalo lahitaji kufafanuliwa kabla ya wabishanaji kusikika. Mionzi ya urujuanimno ni sehemu ya mionzi ya jua ambayo jicho haliioni wala ngozi haiihisi kama joto, na inayofika ardhini ni ya aina mbili: UVB, inayounguza ngozi ya juu, na UVA, inayopenya ndani zaidi, huichakaza ngozi kabla ya wakati wake na hupita hata kwenye kioo cha dirisha. Namba inayofuata herufi SPF kwenye mkebe hupima hasa kinga dhidi ya kuungua. Mkebe wa SPF 30, ukipakwa kwa kipimo kamili, huruhusu takriban sehemu moja tu kati ya thelathini ya mionzi inayounguza ipite. Maneno “kwa kipimo kamili” ndiyo yatakayozua ugomvi mkubwa kuliko mengine yote katika mjadala huu.

Wabishanaji ni watano, nao hawakupewa majina kwa kuwa si watu mahsusi bali ni misimamo inayosikika barazani, dukani na zahanati: Mwenye Poda, binti wa mjini aliyerudi kijijini na brashi yake, Mwenye Liwa, bibi anayeamini jiwe lake la kusagia, Mwenye Mwani, mkulima wa baharini, Mwenye Ualbino, na Tabibu, ambaye kazi yake ni kuwakatisha wenzake kila wanapozidisha chumvi.

Mwenye Poda: Hoja ya kwanza yatoka kwenye hali ya hewa yenyewe. Losheni nyingi za jua zilitungwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi wanaokwenda ufukweni wiki mbili kwa mwaka, na mafuta yake, yakikutana na fukuto la Tanga wakati wa kaskazi, huteremka pamoja na jasho hadi machoni, yakawasha, na mwishowe mpakaji huyafuta kwa pindo la kanga pamoja na kinga yote aliyoinunua. Poda haina balaa hilo: hunyonya jasho, haichafui ushungi, hupakwa juu ya vipodozi vingine bila kuviharibu, na haiichokozi ngozi inayochukia manukato, maana zinki ndiyo ileile wanayopakwa watoto wachanga waliobabuka kwa nepi. Zaidi ya hayo, madini hukaa juu ya ngozi na kuirudisha mionzi kama kioo, tofauti na kemikali zinazoingia mwilini.

Tabibu: Sehemu ya mwanzo ya maneno hayo inakubalika, ila kioo hicho kimetiwa chumvi. Zinki na titani hurudisha sehemu ndogo tu ya mionzi ya urujuanimno. Sehemu iliyo kubwa huinyonya na kuigeuza kuwa joto dogo lisilohisika, na kwa namna hiyo kazi yake haiko mbali na ya vichujio vingine vinavyolaumiwa kwa jina la “kemikali”. Tena oksidi ya zinki ya vipodozi haichimbwi na kutiwa mkebeni. Hutengenezwa kiwandani, husafishwa, na mara nyingi punje zake hufunikwa kwa tabaka la kitu kingine ili zisishikane. Linaloweza kusemwa kwa haki ni kwamba madini haya mawili yana rekodi nzuri ya usalama yakiwa juu ya ngozi: mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, katika pendekezo lake la Februari 2019, ilivipitia viambato 16 vya kukinga jua na kuviona viwili tu, zinki na titani, kuwa na ushahidi wa kutosha wa usalama na ufanisi. Hata hivyo, pendekezo hilohilo liliiweka poda, kama umbo la bidhaa, kwenye fungu la mambo yanayohitaji taarifa zaidi, na sababu mojawapo ni kwamba unga hupeperuka na kuvutwa puani.

Hapo ndipo wauzaji wengi hunyamaza. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliiweka dioksidi ya titani mwaka 2006 kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani, kwa ushahidi wa panya waliovuta vumbi lake kwa wingi, si wa watu waliojipaka. Na Julai 2024 shirika hilohilo likaipandisha daraja talki, jiwe laini linalosagwa kuwa poda za kawaida, hadi kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Mpakaji wa mara moja kwa siku hafanani na panya wa maabara. Lakini fundi wa saluni anayepaka nyuso ishirini kabla ya harusi, chumba kikiwa kimefungwa madirisha ili upepo usimharibie kazi, anastahili kuambiwa, na kwa kawaida haambiwi.

Mwenye Liwa: Mwanangu, poda ya usoni haikuletwa na meli ya juzi. Liwa, yaani mti wenye harufu nzuri unaosuguliwa juu ya jiwe kwa matone ya maji hadi ukawa uji mzito wa rangi ya krimu, umepakwa nyuso za wanawake wa pwani hii tangu enzi za mabibi wa mabibi, na ndugu zao wa Visiwa vya Ngazija wanaendelea kupaka msindano hadharani, sokoni na shambani, bila kuona haya, kama vile wanawake wa Kimakua wa kaskazini mwa Msumbiji wanavyopaka musiro wao mweupe. Iweje bahari nzima iwe na desturi moja, kisha desturi hiyo isiwe na maana?

Tabibu: Maana inayo, ila si lazima iwe maana inayodaiwa. Liwa hupoza ngozi, hutuliza harara, huacha uso laini, na tabaka nene lililokauka juu ya ngozi lazima lizuie nuru kwa kiasi fulani, kwa kuwa kitu chochote kisichopitisha nuru hutia kivuli. Hilo si dhana tupu: watafiti walioupima udongo mwekundu wanaojipaka wanawake wa Kihimba wa Namibia, na kuchapisha matokeo mwaka 2015, waliona kinga ya kweli ingawa ya kiwango cha chini, iliyobadilika kwa kadiri ya chuma kilichomo na usagaji wake. Tatizo la liwa ni kwamba inaondoa joto bila kuondoa urujuanimno kwa kiwango kinachojulikana, na mtu aliyepozwa uso hukaa juani muda mrefu zaidi kuliko angekaa kama angehisi kuungua. Baridi ya liwa humdanganya mpakaji bila nia mbaya.

Mwenye Liwa hakubali neno “humdanganya”, na ana haki ya kutolikubali, kwa sababu mtumiaji wa liwa hakuwahi kuahidiwa namba. Alikuwa akijipaka na kisha akijifunika. Kabla ya kuendelea, inafaa ikumbukwe kwamba desturi hii ina gharama yake msituni: msandali wa Afrika Mashariki, uitwao kitaalamu Osyris lanceolata na ambao mara nyingi huchanganywa na liwa katika mazungumzo, umeng’olewa na mizizi kwa ajili ya viwanda vya manukato vya nje kiasi kwamba tangu mwaka 2013 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES. Jiwe la bibi halikuumaliza mti huo.

Mwenye Mwani: Wote wawili wanazungumzia uso uliokaa kivulini. Mwani ulianza kulimwa kwa biashara Zanzibar mwaka 1989, Paje na Jambiani, ndipo ukavuka hadi Bara na kufika pwani hii, na kazi yake haichagui saa inayompendeza mkulima, huchagua maji. Kamba za mwani hufikiwa kwa miguu wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, ambapo maji hupwa sana, na katika pwani hii maji ya bamvua hufika chini kabisa kati ya saa nne asubuhi na karibu na saa sita. Maana yake ni kwamba mkulima huinama juu ya kamba zake, akifunga miche, akiondoa nyasi na kukung’uta matope, katika saa zilezile ambazo vitabu vyote vya afya huamrisha watu wakae ndani. Je, poda itasalia usoni baada ya wimbi la kwanza?

Tabibu: Haitasalia. Poda nyingi hazikutengenezwa kustahimili maji, na hata zinazodai hivyo hupimwa katika maji ya maabara kwa dakika 40 au 80, si kwa maji ya chumvi yanayorushwa usoni na kufutwa kwa kiganja chenye mchanga. Na mkulima ana adui wa pili anayesahaulika: takwimu za Shirika la Afya Duniani zaonyesha kwamba mchanga mkavu hurudisha kiasi cha asilimia 15 ya mionzi na povu la bahari asilimia 25, kwa hiyo kofia peke yake haitoshi, mionzi hutoka juu na pia chini, ikafika kidevuni na chini ya pua, mahali ambapo brashi ya poda hupita kwa haraka kuliko pengine pote.

Ndipo linapofika suala la kipimo. Kiwango cha kinga kinachoandikwa kwenye mkebe hupatikana maabara kwa kupaka miligramu 2 za bidhaa kwa kila sentimita mraba moja ya ngozi, na uso wa mtu mzima, wenye eneo la takriban sentimita mraba 600, unahitaji kwa hesabu hiyo kiasi cha gramu 1.2. Brashi nyingi za poda ya kukinga jua huuzwa zikiwa na gramu chache, nne au sita, na mtumiaji hutarajia zimtoshe mwezi mzima au zaidi. Lakini akizipaka kwa kipimo kilichozipa namba yake, na akarudia kila baada ya saa mbili kama inavyoshauriwa, brashi ya gramu sita ingekwisha siku hiyohiyo kabla ya magharibi. Hakuna anayefanya hivyo, kwa sababu uso wenye zaidi ya gramu moja ya unga mkavu ungefanana na wa mtu aliyetoka kusaga mahindi. Matokeo yake ni kwamba mpakaji wa kawaida huvaa sehemu ndogo sana ya kipimo na hupata kinga ndogo vilevile, huku namba 30 au 50 ikibaki imeandikwa kwenye mkebe na kwenye imani yake.

Mwenye Poda: Hesabu hiyo haibishiki, ila inachukulia kwamba poda imekuja kuchukua nafasi ya losheni. Mwanamke wa Kigombe ana sababu ya kuitaka poda ambayo watengenezaji wake hawakuiwaza. Uso wake huoshwa mara tano kwa siku. Mwenye kutia udhu hupaswa kufikisha maji kwenye ngozi ya uso, na kitu chenye umbo la tabaka linalozuia maji, mfano wa rangi ya kucha, sharti kiondolewe kwanza. Ndiyo maana losheni nene inayodai kushinda maji humtia mtu wasiwasi hata kabla hajauliza hukumu yake. Sasa na iangaliwe saa: jua hufika kileleni baada tu ya saa sita, na adhuhuri huingia mara jua linapopinda. Losheni aliyoipaka asubuhi inaoshwa katika dakika zilezile ambazo jua lina nguvu kuliko saa yoyote ya siku, kisha mwenyewe hutoka msikitini au uani uso mtupu na kurudi kazini. Nani atatoa chupa, akapaka kijiko kizima cha mafuta, akasubiri yakauke? Poda hupakwa kwa nusu dakika.

Hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote zilizotolewa upande wa poda, na ni ajabu kwamba haionekani kwenye maandishi ya mkebe wowote, pengine kwa sababu watungaji wa maandishi hayo hawajawahi kuishi mahali ambapo siku hugawanywa kwa udhu. Ushauri wa kurudia kupaka kila baada ya saa mbili, unaosikika kama anasa ya watalii, unafanana kiasi cha kushangaza na mwendo wa siku ya Muislamu wa pwani, ambaye adhuhuri na alasiri humrudisha kwenye birika mara mbili ndani ya saa za jua kali. Lakini mfanano huo unamfaa mtu mwenye tabaka la kwanza tu. Poda iliyopakwa juu ya ngozi iliyooshwa inaanza upya kutoka sifuri, na sifuri pamoja na sehemu ndogo ya kipimo ni kinga ndogo.

Mwenye Liwa: Basi bibi aulize swali la kijinga. Watu weusi wa pwani hii wameishi chini ya jua hili bila mkebe wala namba, nao hawakufa kwa saratani ya ngozi. Mungu hakuwanyima kinga, aliitia ndani.

Tabibu: Swali hilo si la kijinga, bibi, na jibu lake linapunguza nusu ya biashara yote. Kinga iliyotiwa ndani huitwa melanini, nayo ni rangi inayotengenezwa na ngozi yenyewe. Utafiti mashuhuri wa Kaidbey na wenzake, wa mwaka 1979, ulilikadiria tabaka la juu la ngozi nyeusi kuwa na kinga ya takriban 13.4 dhidi ya UVB, na la ngozi nyeupe 3.4 tu. Kwa hiyo mtu mweusi mwenye afya hana sababu kubwa ya kuipaka poda kwa kuogopa saratani ya uso. Hata melanoma, saratani hatari ya ngozi, inapowapata watu weusi hutokea mara nyingi nyayoni, viganjani au chini ya kucha, sehemu ambazo jua halihusiki. Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, aliuguzwa na melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Sababu ya kweli ya ngozi nyeusi kutafuta kinga ni nyingine, nayo huletwa zahanati kila siku: mabaka meusi ya mashavuni baada ya ujauzito, yaitwayo melasma, na madoa yanayobaki baada ya chunusi.

Mabaka hayo yana siri ambayo SPF haiielezi. Ngozi yenye melanini nyingi huzidisha rangi yake si kwa urujuanimno peke yake bali pia kwa nuru ya kawaida inayoonekana, ile ambayo mtu huisomea kitabu, jambo lililoonyeshwa kwa vipimo mwaka 2010, ambapo ngozi nyeusi iliyomulikwa kwa nuru hiyo ilibadilika rangi na ngozi nyeupe haikubadilika. Zinki iliyosagwa laini sana ili isionekane, kama inavyosagwa ili isimwache mtu na uso wa majivu, huipitisha nuru hiyo. Kama ingeizuia, ingeonekana nyeupe. Kinachoizuia ni rangi, na rangi inayotumika ni oksidi ya chuma, nyekundu, ya manjano na nyeusi, ambayo kwa lugha ya nyumbani si kitu kingine ila kutu. Majaribio ya losheni zenye kutu na zisizo na kutu, zilizolingana kwa mengine, yameonyesha kwamba wagonjwa wa melasma waliopaka zenye kutu walipata nafuu zaidi.

Hapa mwandishi wa mjadala huu anaingilia kati kwa hukumu yake: thamani ya poda ya madini kwa uso wa Kigombe haiko kwenye zinki inayotangazwa bali kwenye rangi isiyotajwa kwa herufi kubwa, na mnunuzi angefanya vyema kuitazama rangi ya unga kabla ya kuitazama namba. Wala mchanganyiko huo si mgeni. Dawa ya waridi ya kalamini, ambayo karibu kila mzazi wa Tanga amewahi kumpaka mtoto mwenye tetekuwanga, ni zinki iliyotiwa chembe ya kutu, na uwaridi wake watoka kwenye kutu hiyo. Haikupimwa kuwa kinga ya jua, na isichukuliwe hivyo. Imetajwa kwa kuwa yaonyesha kwamba madini haya yamekaa kwenye kabati za pwani muda mrefu kabla hayajapewa brashi na bei mpya.

Mwenye Mwani: Na wanaopaka mkorogo?

Tabibu: Swali hilo lingetangulia. Mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kujichubua wenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali, umepigwa marufuku Tanzania kwa viambato vyake, na tangu mwaka 2019 udhibiti wa vipodozi uko mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS, lakini bado unauzwa. Anayejichubua anaivunja ile kinga ya 13 kwa mikono yake, kisha ananunua namba 30 ya mkebe ili kufidia, na mabaka yanaporudi meusi kuliko mwanzo anaongeza mkorogo. Poda huingia kwenye mduara huu kwa urahisi kwa sababu rafu yake na ya krimu za weupe mara nyingi ni moja, na baadhi ya makopo huahidi kukinga na kung’arisha kwa sentensi moja.

Kuhusu bahari, ambayo watalii huiuliza kwanza na wanakijiji huiuliza mwisho, maelezo mafupi yanatosha. Jimbo la Hawaii lilipiga marufuku kuanzia Januari 2021 uuzaji wa losheni zenye oksibenzoni na oktinoksati kwa hofu ya kuidhuru miamba ya matumbawe, na madini yakapata sifa ya kuwa rafiki wa bahari, ingawa zinki nyingi nayo si chakula cha matumbawe. Kigombe imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009 baada ya samaki huyo wa kale kunaswa mara kwa mara kwenye majarife ya papa kuanzia mwaka 2003. Na kilichoyapausha matumbawe ya pwani hii mwaka 1998 kilikuwa joto la maji, si vipodozi, kama vile kilichoyavunja kwa miaka mingi kilikuwa baruti. Silikanti mwenyewe, anayeishi kina ambacho nuru ya jua hufika hafifu tu, pengine ndiye mkazi pekee wa eneo hili ambaye mjadala huu haumhusu.

Mwenye Ualbino: Mpaka sasa wamesikika watu wenye kinga ya ndani wakibishana kuhusu kinga ya ziada. Ualbino ni hali ya kurithi ambayo mwili hutengeneza melanini kidogo au hautengenezi kabisa, na Tanzania ina watu wengi wenye hali hiyo: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya 16,000, na makadirio ya watafiti hutaja mtu mmoja kwa kila 1,400. Kwao jua haliandiki mabaka, linaandika vidonda. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1985, uliowafuatilia watu 350 wenye ualbino, ulikuta madhara ya jua yameanza utotoni kabisa. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kuna poda yenye SPF 50, ya kupaka haraka na isiyo na mafuta, ataipenda kuliko wote, na ndiye asiyepaswa kuitegemea kuliko wote.

Tabibu anakubali bila sharti, na anaeleza kwamba jibu la Tanzania kwa hitaji hilo halikuwa poda. Katika Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1992, hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun, matokeo ya kazi iliyoanzishwa miaka ya 2010 na mfamasia wa Kihispania Mafalda Soto Valdés, iliyotungwa mahsusi kwa ngozi yenye ualbino na kwa joto la nchi hii, na kugawiwa katika kliniki kwa ushirikiano na shirika la Standing Voice. Uchaguzi wa umbo la losheni haukuwa wa bahati: losheni inaweza kupimwa kwa kijiko, mtoto anaweza kufundishwa kipimo chake, na muuguzi anaweza kuona kwa macho kama chupa ya miezi miwili imetumika au imetunzwa kwa ajili ya sikukuu. Poda haiwezi kukaguliwa hivyo.

Mwenye Poda: Na mwenye ualbino aliyekwisha kupaka losheni yake alfajiri, je, naye akatazwe kuongeza poda baada ya udhu wa adhuhuri, akiwa shuleni ambako hakuna atakayempa chupa?

Mwenye Ualbino: Hakatazwi. Lakini aulizwe kuhusu masikio. Brashi ya poda imetengenezwa kwa ajili ya paji, pua na mashavu, sehemu zinazotazamwa na watu. Masikio, shingo ya nyuma na mdomo wa chini hazipitiwi, na hizo ni katika sehemu za kwanza ambazo madaktari wa ngozi huzikagua. Ushungi wa bibi hufunika masikio bila kuuliza namba.

Mwenye Liwa anaona kwamba amepata ushindi ambao hakuutafuta, na anaongeza kofia pana ya ukili, yenye ukingo unaofika mabegani, inayosukwa na wanawake wa pwani hii kwa mikono yao. Tabibu anasema kofia hiyo, pamoja na mikono mirefu na losheni iliyopakwa kabla ya kutoka, ndiyo kinga ya mkulima wa mwani. Poda ije baadaye, atakaporudi, akanawa chumvi na kuswali, ikiwa ana mabaka ya kuyalinda na ikiwa unga wenyewe una rangi.

Mwenye Mwani anauliza kama unga wa rangi yake unapatikana Tanga mjini. Mwenye Poda, aliyezungumza zaidi kuliko wote, anafungua pochi yake, anatazama alama iliyo chini ya brashi, na kukiri kwamba dukani alikuta rangi tatu tu, na kwamba iliyo nyeusi kuliko zote ndiyo hii anayoipaka yeye, ambayo usoni mwa Mwenye Mwani ingeonekana kama unga wa muhogo.